Shangazi na Jibu la "Baadaye"

Baada ya miaka ishirini na mmoja ya kuandika hadithi za michezo yetu ya kompyuta ya mapenzi, Shangazi anastaafu tarehe 30 Juni. Jina hilo alipewa na wachoraji, kwa sababu kila aliyegombana na mchumba wake aliishia mezani kwake.

Alianza kama mhakiki wa maandishi. Wakati huo michezo yetu ilikuwa rahisi mno: mchezaji anasoma hadithi kwenye skrini, anachagua jibu tamu kuliko yote, anapendwa. Shangazi aliupitia mmoja, akasema aliyeuandika hajawahi kuishi na mtu. Akapewa auandike upya, nusu kama adhabu.

Tangu hapo, katika kila mchezo wake, mpenzi akiomba jambo kuna majibu matatu: ndiyo, hapana na baadaye. Anayesema hapana hununiwa, kisha husamehewa. Anayesema baadaye hafanywi lolote. Mpenzi anatabasamu, hadithi inaendelea, na sura ya mwisho mchezaji anakuta nyumba tupu. Watu walitulalamikia vibaya sana. Mkurugenzi akaagiza jibu hilo liondolewe. Shangazi akamwomba aucheze mchezo mmoja kwanza yeye mwenyewe. Aliucheza saa ya chakula, akaachwa, na jioni hiyo akawahi kurudi nyumbani, jambo tusilolizoea. Agizo halikutajwa tena.

Mwenyewe, hata hivyo, hakuwa mwanafunzi mzuri wa somo lake. Mumewe, fundi cherehani, alishafunga kibanda chake ili wapumzike pamoja. Mara mbili Shangazi alitaka kustaafu, mara mbili tukambembeleza abaki kidogo, na mara zote mbili alimwambia mumewe baadaye. Sisi tulifurahi. Mzee hakununa, alitabasamu tu, na tabasamu hilo ndilo lililoanza kumtia Shangazi hofu.

Mwezi uliopita mkurugenzi aliomba mwaka mmoja zaidi, mbele yetu sote, huku mzee amesimama mlangoni akimshikia mkoba. Kusema kweli, tulitaka akubali. Shangazi alimtazama mumewe, akasema hapana. Mkurugenzi alinuna wiki nzima. Ameshasamehe, keki ya leo kainunua yeye.

Shangazi, asante kwa kazi yako na kwa ndoa chache za humu ofisini ulizoziokoa. Nenda na mzee wako, mle chakula kikiwa bado cha moto. Tukikwama tutakupigia simu tukuombe urudi kidogo tu. Tafadhali, tuambie hapana.