Zulia Ambalo Job Hakulikunja

Wasikilizaji wapendwa, leo tupunguze muziki kidogo. Tunamkumbuka Job Mogaka, mwana wa Nyamira, aliyetutoka mwezi wa tatu kule Doha. Job wa duka la mazulia. Job aliyekuwa njiani kurudi kwa mama yake.

Aliishi Al Mansoura, chumba kimoja na rafiki yake Tony. Kutwa alikuwa dukani kwa Bwana Farhad, Mwirani, akibeba na kutandaza mazulia. Lililomteka moyo ni la Bijar. Bijar ni mji wa milimani huko Iran. Wafumaji wake hulowesha nyuzi za kulaza, zile zinazopita mlalo, kisha huzigonga kwa kitana kizito cha chuma mpaka zulia linakuwa gumu kama ubao. Wekundu wake hutoka kwenye mizizi, buluu yake ni nili, na majani membamba kama visamaki huzunguka maua. Wajukuu watalikanyaga na halitachakaa. Ila lina sharti lake: huviringishwa, halikunjwi. Ukilikunja, nyuzi za ndani hukatika.

Bwana Farhad alimzawadia dogo, la kando ya kitanda. Job akajua papo hapo ni la nani. Mama Nyaboke, mama yake, ni fundi cherehani, na kila alfajiri hushusha miguu kwenye saruji baridi.

Krismasi iliyopita alilibeba begani hadi uwanja wa ndege. Pale kaunta akaambiwa likiviringishwa hivyo ni refu mno kwa mizigo ya ndege. Alikunje au aliache.

"Buda, niachie mimi," Tony, aliyemsindikiza, alimsihi. "Wewe enda uone mama."

"Miaka saba, halafu niingie kwa mama mikono mitupu? Zii!"

Akageuka na zulia lake. Ndege ikaondoka bila yeye. Kargo nayo hakuiamini: "Nikiwapa kisogo tu, watalikunja." Akamwahidi mama kwamba atakuja Pasaka. Mama akamjibu kwa simu, "Mwanangu, likunje uje."

Pasaka haikumkuta. Job alianguka dukani, moyo ukasimama. Jamani, inaniuma kusema haya. Tony alilifunga zulia likiwa limeviringishwa, likasafiri pamoja na jeneza. Safari hii hakuna aliyesema ni refu.

Nyaboke, dada yake Job, anatuambia mama hajalikanyaga mpaka leo. Alilitandaza, akapiga magoti, akapitisha kiganja toka pembe hii hadi ile, akitafuta alama ya mkunjo. Hakuiona.

Mama Nyaboke, Nyaboke, Tony, na wewe Bwana Farhad, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nawe unayetusikiliza ukiwa huko Qatar, Al Rayyan, Al Wakrah, popote pale, unayengoja mpaka upate cha kubeba, hebu jiulize anayekungoja anangoja nini. Mama Nyaboke alimwambia binti yake akiwa bado amepiga magoti:

"Lingekatika, ningelishona. Si mimi ni fundi?"