Siku Iliyoingia Majini Meli Namba 31

Benchi la nje ya duka la donati la Tarbox, jimbo la Maine, linatazama karakana ya meli ng'ambo ya mto, na halikaliwi na mtu ambaye hajawahi kuunda manowari. Asubuhi hiyo walilikalia watatu, kahawa mkononi: Verna, aitwaye Kreni kwa sababu aliendesha kreni miaka thelathini, Lucien, aitwaye Tochi kwa kuchomelea vyuma, na Orrin, ambaye mji mzima humwita Grisi. Magotini pa Grisi palikuwa na fomu. Mchonga vibao angeipitia kabla ya saa sita, na tarehe itakayoandikwa humo ingekaa kwenye kibao cha shaba cha kumbukumbu kupita umri wa wote watatu: Meli Namba 31 iliingia majini lini?

— Andika Jumamosi, alisema Kreni. Kitabu cha serikali kinasema Jumamosi, Februari nane, 1969. Chupa ya kuizindua ilivunjwa, bendi ikapiga.

— Bendi ilipiga, meli ikakaa, alisema Grisi. Iliteremka yenyewe Jumatatu, sisi tunakunywa supu.

— Basi ni mwezi wa angani, alisema Kreni. Mwaka ule si walikuwa wanajiandaa kwenda huko? Waliuchokoza, ukayazuia maji.

— Mwezi gani, mama wewe! alidakia Tochi. Nyambizi ya Mrusi ilijificha chini ya mto, ikaishika meli kwa sumaku. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mrusi aliinama.

— Na Jumatatu? aliuliza Kreni.

— Mgongo ulimuuma, akainuka.

Grisi hakucheka. Njia ya kuteremshia meli hupakwa grisi ili iteleze, ya aina ngumu wakati wa joto, ya aina laini wakati wa baridi. Februari ile, akiwa na miaka ishirini na miwili, alikuwa amefungua mapipa ya kiangazi, na grisi ikaganda kwa baridi mpaka jua la Jumatatu lilipoilainisha. Wenzake walijua. Kila alipotaka kulisema, mmoja wao alileta Mrusi.

— Jamani, mimi ndiye...

— Kunywa kahawa, Grisi, inapoa.

Mchonga vibao akafika, mwanamke mgeni mjini, kalamu sikioni.

— Jina la shahidi?

— Orrin Pelkey.

— Mbona hawa wanakuita Grisi?

Kreni akatazama mto. Tochi akainua kikombe akanywa, ingawa kilikuwa kitupu tangu enzi za Mrusi. Safari hii hakuna aliyeleta mwezi.

— Andika Jumatatu, Februari kumi, alisema Grisi. Meli ilikwama kwa sababu nilipaka grisi ya kiangazi.

Mwanamke akaandika tarehe, kisha akaikagua fomu juu mpaka chini.

— Hapa hakuna nafasi ya sababu, mzee.

— Umeona? alisema Kreni, akishusha pumzi. Hata fomu imekataa.

Grisi akaichukua ile karatasi, akaigeuza, akamrudishia.

— Huku hakujaandikwa kitu.