Kidevu cha Mama Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Wale wa nyuma mmeitikia kama watu ambao chai yao haikuiva. Bwana asifiwe tena. Asanteni.

Wengi mnanijua. Mimi ni kinyozi hapa Kiganjo, kile kiduka cha mlango wa bluu, na vichwa vingi vilivyomo ndani ya kanisa hili vimepita mikononi mwangu. Kwa wageni, mke wangu alitangulia mbele za Bwana miaka minne iliyopita, akaniachia binti mmoja. Sasa ana miaka kumi na tatu. Ushuhuda huu unamhusu, na kabla sijauleta hapa niliusema kwake kwanza, jikoni. Alinipa ruhusa kwa masharti. Nisitaje jina lake, nisipitishe dakika kumi, na nisilie. Kwa kinyozi, hilo la dakika kumi ndilo gumu.

Kwa hivyo nitamwita vile ninavyomwita nyumbani, Maitu, yaani mama. Wakikuyu wenzangu mnaelewa. Binti wa kwanza huchukua jina la mama mzazi wa baba, na baba humwita mama kwa heshima. Ni desturi nzuri. Lakini mtu aliyemwita mtoto wake mama kwa miaka kumi na tatu, ataanzia wapi kumweleza habari za mwili? Kwetu hayo ni mambo ya mama, na mama hayupo. Mama asipokuwepo ni mambo ya tata, shangazi yake, na dada yangu ameolewa Wang'uru, huko kwa mchele. Nilimpigia simu nikamwambia msichana anakua, aje waongee. Ulikuwa msimu wa kuvuna. Alisema atakuja, kisha akatuma gunia la mchele. Mchele ulikuwa mtamu, ndugu zangu, tuliula muda mrefu, lakini hakuna punje hata moja iliyomweleza Maitu kitu.

Niwaambie nyumba yetu ilivyokuwa. Kazini mimi huongea tangu asubuhi. Naongea siasa, naongea mpira, naongea bei ya maziwa. Nikifika nyumbani maneno yamekwisha. Sahani mbili, vikombe viwili, redio katikati. Kiti cha mama yake tulikuwa tumekisogeza ukutani tukakiwekea nguo za kupigwa pasi, ili kisionekane kitupu. Mwezi wa saba baridi ya mlima ikishuka, tulikuwa tunaketi karibu na jiko moja, kila mtu ameangalia makaa yake. Nilikuwa mpweke sana. Nilidhani ni mimi peke yangu katika nyumba ile.

Jumamosi Maitu alikuwa akinisaidia kufagia nywele dukani. Siku moja nilikuwa na mteja kitini na wengine watatu kwenye benchi. Maitu akasogea karibu nami na ufagio, akauliza kwa sauti ya chini, "Baba, ati ukinyoa nywele inarudi ikiwa mingi?"

Ndugu zangu, lile lilikuwa swali la mtoto aliyekusanya ujasiri wiki nzima. Mimi nikalisikia kama swali la benchi. Nikajibu kwa sauti ya duka, "Maitu, kwani unataka nikunyoe ndevu?"

Wakacheka wote. Mteja wa kitini alicheka mpaka nikalazimika kuinua mashine. Maitu akaegemeza ufagio ukutani polepole na kwenda nyumbani. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Nikasema moyoni, ujana huo. Nikafagia mwenyewe.

Baadaye akaanza kuvaa barakoa, zile tulizobaki nazo kwenye droo tangu siku za korona. Akasema ana mafua. Jua la mwezi wa pili lilimkuta amevaa sweta ya mikono mirefu na soksi mpaka magotini. Aliacha kwaya. Alikuwa akila chumbani. Nilikuwa nikisikia kijiko chake kikigonga sahani ng'ambo ya ukuta wa mbao, nami nikila peke yangu na redio. Sikugonga mlango. Mnyonge hana haki, lakini mimi haki ya kugonga nilikuwa nayo, nikaiogopa.

Ndipo ikaja ile Jumapili ya shukrani ya mavuno. Mliokuwepo mnaikumbuka. Familia ziliitwa mbele, moja baada ya nyingine, na Maitu alitakiwa kusoma mstari wa Biblia. Alisimama hapa, karibu na magunia ya viazi, akasoma ndani ya barakoa, na hakuna aliyesikia. Mzee mmoja akasema, "Ongeza sauti, mtoto wetu." Mimi nikaona ninaaibishwa. Nikamnong'onezea, "Toa hiyo kitu, Maitu." Akatikisa kichwa. Basi nikanyoosha mkono huu wangu wa kulia, mbele ya familia ya Mungu, nikaivuta mimi mwenyewe.

Mliona. Mdomo wake wa juu ulikuwa umeungua, umetoka ngozi, umefanya gamba. Maitu hakukimbia. Alinirudishia Biblia, akatembea katikati ya viti mpaka mlangoni, akatoka. Hakuna kutembea kulikowahi kunichoma kama kule.

Nilimkuta nyumbani amejifungia. Nikaketi sakafuni nje ya mlango wake na suti yangu ya kanisa. Nilikaa sana. Mwishowe akasema kutoka ndani, "Ni ile dawa ya kulainisha nywele. Niliitoa kwa duka yako. Nilidhani itazitoa."

Zile nywele za juu ya mdomo, ndugu zangu. Kinyozi ninayeona nywele moja iliyoruka kwenye kisogo cha mtu, sikuwa nimeziona usoni pa mtoto wangu, na wenzake shuleni walikuwa wamekwisha kumpa jina. Na ile dawa niliinunua mimi, nikaipanga kwenye rafu mimi.

Nilimpeleka dispensari asubuhi iliyofuata. Sista aliyempaka dawa hakunionea huruma. Akaniambia, "Wewe kazi yako ni nywele, na mtoto anajichoma na dawa ya duka yako?" Kisha akamgeukia Maitu akabadilisha sauti. Akamwambia umri huu nywele huja kwa wavulana na wasichana, miguuni, kwapani, wengine hata juu ya mdomo, na si ugonjwa wala uchafu. Akamwambia kunyoa hakuzifanyi ziwe nyingi, huo ni uvumi tu. Akasema zikizidi sana siku za mbele atamwonyesha daktari, lakini watu wengi huzirithi tu kwao. Ndipo akauliza, "Kwenu kuna mtu mwingine ako hivi?"

Maitu akaniangalia. Alikuwa ananingojea. Kwa macho yake niliona kwamba jibu hilo ndilo alilolihitaji kuliko ile dawa ya kupaka.

Nikasema, "Hapana. Kwetu hakuna."

Nilidanganya. Petro alikana mara tatu. Mimi hiyo moja ilinitosha. Tulirudi nyumbani njia nzima yeye mbele, mimi nyuma, na sijawahi kumwona mtoto akiwa peke yake namna ile akiwa na baba yake hatua tatu nyuma.

Sasa nisikilizeni. Mama yangu, cucu yake Maitu, yule aliyempa jina, alikuwa na ndevu. Si nywele moja mbili, ndevu. Alikuwa akiuza ndizi na maharagwe sokoni Kiriaini, na watoto wa soko walimwita majina ambayo sitayaleta madhabahuni. Yeye aliwauzia mama zao ndizi bila kukunja uso. Mimi ndiye niliyekuwa nikitangulia mbele siku za soko, ili watu wasijue tumetoka nyumba moja. Na kila Jumapili kabla ya kanisa alikuwa akiketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, pale kwenye jua, anainua kidevu na kunipa wembe na sabuni. Macho yake hayakuwa yakiona vizuri kwenye kioo. Nilianza nikiwa na miaka kumi na moja. Huwa nawaambia wateja nilijifunzia kazi Nairobi. Nairobi nilinunua mashine tu. Kunyoa nilijifunza kwenye kidevu cha mama yangu, na nilimwambia asimwambie mtu. Hakumwambia mtu mpaka tulipomzika.

Jioni ile nilirudi dukani nikafunga mlango kwa ndani. Ukutani nimeandika lile neno, mmeona, kwamba Mungu anaijua hesabu ya nywele zetu zote. Nilikuwa nimeliweka kama tangazo la biashara. Nililisoma kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine. Nikapiga magoti kwenye nywele ambazo hakuna aliyenisaidia kuzifagia, nikamwambia Mungu, nimewakana wanawake wawili wenye jina moja. Sikusikia sauti yoyote, ndugu zangu, nisiwadanganye tena. Nilipata nguvu ya kwenda nyumbani, basi.

Nilitoa zile nguo kwenye kiti cha mama yake, nikakivuta hadi mlangoni kwake, na safari hii nikagonga. Nikamweleza yote. Soko, kigoda, wembe, na vile nilivyokuwa nikitangulia njiani. Nikamwambia kwamba dispensari nilidanganya.

Maitu akafungua mlango kidogo, akauliza, "Cucu alikuwa anaskia aibu?"

Nikamwambia, "Hapana, Maitu. Aibu ilikuwa yangu."

Akafikiri. Akasema, "Kwa hivyo hii nimepewa na yeye. Pamoja na jina." Nikasema ndiyo. Akauliza kama kuna ugali umebaki. Tulikula pamoja saa hiyo, na redio hatukuiwasha.

Wapendwa, ngozi ilipopona nilimfunza vile nilivyofunzwa. Sabuni kwanza, maji ya vuguvugu, wembe wake mwenyewe ambao hauguswi na mtu mwingine, kufuata upande nywele zinakolala, bila haraka. Jumamosi kabla sijafungua duka huwa anashusha pazia, anakaa kwenye kile kiti kikubwa, anajinyoa mwenyewe, nami nasimama mlangoni nimegeukia barabara. Kuna Jumamosi ananyoa. Jumamosi iliyopita nilisikia pazia likipandishwa mapema, nikauliza kama amemaliza. Akasema, "Leo nimeziacha, baba. Hazinisumbui." Kisha akachukua ufagio.

Mtu asifikiri Mungu alitoa nywele. Nywele ziko. Alichoniondolea ni ile aibu niliyoibeba tangu Kiriaini, nikataka kumpa mtoto airithi bila kumwambia imetoka wapi. Na upweke haujaisha wote, siwezi kusema hivyo. Kuna jioni bado tunasikia pengo la mama yake, na nywele za msichana si jambo ambalo baba atalijua kama mama. Lakini sasa tunaketi upande mmoja wa jiko.

Baba uliye hapa, na wewe mama unayemngojea tata aje, usingoje. Hata kama maneno ni magumu, gonga mlango. Mtoto akikuuliza jambo kwa sauti ya chini, mjibu kwa sauti ya chini. Na ikiwa kuna mtu wa kwenu unamficha kwa sababu ya mwili wake, mlete mezani umtaje, pengine kuna mtoto anamngojea. Mkabidhi Bwana aibu yako. Yangu aliipokea na hakucheka.

Namalizia na hili. Maitu, nilikuvua barakoa mbele ya kanisa hili, kwa hivyo msamaha nauomba mbele ya kanisa hili. Nyumbani ulinisamehe, lakini hawa hawakuwepo. Ameketi huko nyuma, ndugu zangu, bila barakoa. Tafadhali msigeuke. Kwaya ikiitwa atapita mwenyewe, na mtamwona akiimba.

Maitu, dakika zangu zimekwisha. Jina sijalitaja. Na sijalia.