Shamba la Waziri Lafaulu Maabara

Benchi la kijiwe chetu hapa Mtawanya lina miguu minne, ila wa nne ni tofali. Anayekaa upande wa tofali hatakiwi kubishana kwa mikono. Asubuhi hiyo alikaa Salumu, mkulima wa Mpapura, tunayemwita Waziri kwa sababu hajawahi kukubali kosa. Miguuni kaweka mhogo aliouchana kwa kisu. Ndani una madoa ya kahawia kama mtu aliyevuta sigara miaka ishirini. Mkononi ana simu yenye ujumbe wa watafiti: majani aliyowapa walipomtembelea na visanduku vyao vya barafu yamepimwa vinasaba, hayana kirusi cha michirizi kahawia. Na kesho watu kumi wanakuja kumsaidia kupanda ekari mbili, kwa pingili za shamba hilohilo.

— Nipande au nichome? Simu inasema mzima, kisu kinasema mgonjwa.

Emmanueli, karani wa bandarini, tunayemwita Kontena, akaweka kikombe chini, kando ya birika la muuza kahawa.

— Sikiliza. Vinasaba ni karatasi za mzigo, kila kiumbe anazo ndani. Kirusi anaingia kwenye mhogo na karatasi zake, anauambia, "Nitolee kopi." Mhogo, mpole wa watu, unatoa kopi mpaka unaoza. Mashine inasoma hizo karatasi.

— Sasa mbona hazikuonekana?

— Kazighushi.

— Hajaghushi, — akadakia Faraji, fundi redio, jina la kijiweni Mawimbi. — Huyo kavuka mpaka wa mto Ruvuma pale Kitaya bila pasi, mashine itamweza? Alipoona vile visanduku vya barafu, akashuka toka jani mpaka mzizini, akatulia. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Methali hiyo imeingiaje hapo?

— Bila pasi.

Kontena akautazama ule mhogo kwa mashaka.

— Mwaka jana nilikula kwa Waziri wiki nzima. Siku hizi mvua ikinyesha nasikia narefuka.

— Unanenepa, Kontena.

— Hiyo ndiyo mizizi yenyewe.

Waziri hakucheka.

— Nikipanda ugonjwa, mwakani wanangu watakula nini? Methali za Mawimbi?

Hapo akafika Bi Hadija, jirani yake wa shambani, aliyekuja mjini kuuza bamia.

— Nimefuata kikapu changu, Salumu. Kile nilichokutilia majani ya mhogo, ulivyosema una wageni wa maabara. Vipi, kisamvu changu walikipenda?

Mawimbi alifungua mdomo, haukushika stesheni.

— Uliwapa majani ya Hadija? — akauliza Kontena taratibu.

— Yangu yalikuwa na madoa. Mgeni utampaje majani mabovu?

— Si ndiyo waliyoyataka, Waziri!

— Hata kuyaosha niliyaosha.

Bi Hadija akaichukua simu, akausoma ujumbe mara mbili.

— Kumbe aliyefaulu ni mimi. Haya, pingili zako zichome. Mimi ninazo za kukutosha. Hao watu kumi waanzie kwangu kupalilia, wakimaliza wabebe.

Tukamgeukia Waziri, tukingoja kosa lake la kwanza kukubaliwa.

— Mnashangaa nini? — akasema. — Nilizipima zake kwanza. Mbegu ya kuomba lazima uichunguze.

Akarusha mikono kusisitiza. Tofali likachomoka, benchi likatumwaga sote pamoja na birika.

Tulipoinuka chini, muuza kahawa alikuwa anakamua birika. Lilitoa nusu kikombe. Akampa Bi Hadija.