Kura Yangu Mkononi mwa Shemeji

Ndugu zangu mliokaa, na ninyi mliokosa viti, nawaamkia nyote. Mnanijua kwa kucheka. Kicheko changu nikikiachia hapa Old Moshi, mbuzi wa Kahe wanaacha kula. Leo naomba mnisikilize hata nisipochekesha.

Nilipofiwa na mume wangu nilikuwa sijui kusoma hata jina langu. Siku ya uchaguzi shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliingia nami kituoni kunisaidia. Mtasema, mama, si kulikuwa na picha? Zilikuwepo! Lakini karatasi aliishika yeye, mimi nikashika pochi. Kumchungulia shemeji begani niliona ni kukosa adabu. Nikamnong'oneza jina la mwanamke aliyegombea udiwani, mwenzangu niliyeuza naye ndizi sokoni miaka mia mbili. Akaweka alama. "Tayari, shemeji."

Mwenzangu huyo alikuwa amekuja kwangu, tukanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, nikamwambia, "Kura yangu hesabu unayo."

Kesho yake matokeo yakabandikwa mlangoni pa kituo. Kijana mmoja akasoma kwa sauti. Mwenzangu: sifuri. Yeye na ndugu zake walipigia kura kituo kingine, kwa hiyo pale alikuwa akitegemea sisi marafiki. Alinitazama. "Dada, hata wewe?"

Nawaambia, mdomo huu usiofungwa hata kanisani, siku hiyo ulifungika. Ningesemaje? Kwamba mimi, mtu mzima, nashikiwa kalamu?

Nikamfuata shemeji kwenye migomba yake. "Ulimpigia nani?"

"Nilipiga inavyoufaa ukoo," akasema, huku anakata majani ya ng'ombe. "Huyo mwanamke mwenzako angekufikisha wapi?"

Basi. Ikaishia hapo.

Mwenzangu akahama meza sokoni, halafu akahama kabisa, akashukia Kahe kulima mpunga kwa binti yake. Watoto wangu wako Dar. Nilikuwa napika kiburu, ndizi na maharage, cha mtu mmoja, nakaribisha ukuta. Ukuta haujawahi kusema "asante, mama". Sokoni nilicheka kuliko wote. Nyumbani nilikaa na koti la marehemu kwenye kiti cha pili, ili kiti kisionekane kitupu.

Ndipo nikaenda darasa la jioni. Mwalimu ni binti mdogo, ananiamkia shikamoo kisha ananifokea. Herufi zilinitoa jasho la kumwagilia kihamba kizima cha migomba! Lakini nilimaliza, na cheti nimekitundika juu kuliko picha ya harusi.

Uchaguzi uliofuata, shemeji alikuwa ananisubiri getini pa kituo.

"Twende, shemeji."

"Leo naingia mwenyewe."

"Utaharibu karatasi!"

"Nikiharibu, nimeharibu ya kwangu."

Karani akamwambia asubiri nje. Nikakaa mle ndani mpaka wakauliza, "Mama, umelala?" Nilikuwa nasoma kila jina. Nilijua mwenzangu hagombei tena, lakini kidole kilimtafuta tu. Nikachagua. Nani? Hilo simwambii hata padri.

Nikatoka na wino kidoleni, nikashuka moja kwa moja hadi Kahe. Nilimkuta anapepeta mpunga. Nikamweleza yote, nimesimama juani. Akapepeta ungo mzima, ndipo akasema, "Miaka mitano, dada. Ulikuwa hujui kusoma, sawa. Na kusema je, nako kulikuwa na darasa?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nililia. Shemeji aliniibia kura. Lakini rafiki nilimpoteza mimi mwenyewe, kwa aibu yangu. Hakunikumbatia. Alinisogezea kigoda, nikakaa, tukapepeta. Siwezi kusema tumerudi kama zamani. Jumapili hii ananipigia simu. Asipopiga, nitampigia mimi.

Namshukuru mwalimu wangu aliyenifokea. Namshukuru yule karani. Na jirani yangu aliyekuwa akinifungia ng'ombe kila jioni nikiwa darasani, bila kuuliza naenda wapi: asante, mama.

Ninalowaachia ni hili: ukinyang'anywa kilicho chako, sema, hata kama kusema kutakuvua nguo. Na kama humu yuko mtu ambaye hushikiwa kalamu, asinyooshe mkono, asiogope. Aniambie pembeni tu. Uchaguzi ukifika sitaingia naye kituoni. Jumatatu saa kumi na moja jioni nitapita mlangoni kwake, twende darasani.