Mlango Wetu Hatufungi

Treni ilibembea kama susu ya kumlazia mtoto, na fundi cherehani aliyekaa dirishani alikuwa nusu macho, nusu ndotoni. Nyuma yake, mchungaji wa gereza alikuwa akimsimulia mkewe kosa alilolifanya.

"Nilipomaliza sala, nikamwambia yule mfungwa yale tunayowaambia watoto wakienda kulala: ukiota vibaya njoo, mlango wetu hatufungi. Ulimi hauna mfupa, mama watoto."

"Makubwa! Akacheka?"

"Akalia. Anatoka Ijumaa, hana pa kwenda. Anauliza kama ni kweli."

Fundi akafumbua jicho moja. Kituo chake kilikuwa kimeshapita, lakini mambo ya watu nayo yana utamu wake.

"Baba," mke alisema taratibu, "tumekabidhiwa mabinti watatu wa watu. Yule mdogo alikuwa hapati usingizi mpaka aegemeze kiti mlangoni. Juzi ndiyo kwanza amekiondoa."

"Najua."

"Sasa nani atamwambia akirudishe?"

Biblia ikamponyoka mchungaji mapajani. Treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Mke akainuka, akamwokotea mumewe Biblia iliyoanguka, akaipangusa vumbi kwa kanga.

"Ijumaa tukampokee saa ngapi?" akauliza.