Gari Alilopimiwa Mama Vipimo

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni na mlio njiani, karibuni. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyejenga gari sebuleni kwake. Nasema sebuleni, na narudia: sebuleni. Si gereji.

Alifariki Jumanne iliyopita, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka sitini na tisa. Majirani walimwita Mama Vipimo. Miaka thelathini na moja alitengeneza miguu ya bandia hospitalini, na jina likatoka huko. Hakuweza kukusalimia bila kukupima kwa macho. "Ukimletea shemeji mpya," anasema mdogo wake wa kike, aliyeishi naye, "kabla hajamuuliza kwao wapi, ameshajua goti lipi linamsumbua."

Mwenyewe alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi. Mfupi kwa sentimita nne. Ishikeni hiyo namba, wasikilizaji: sentimita nne.

Alipostaafu, alinunua kwa mjane mmoja gari dogo la mbio, la viti viwili. Ni yale yanayokuja vipande vipande kwenye makasha, ukaunganisha mwenyewe. Fremu ya mabomba membamba, bodi ya faiba, jepesi hata watu wanne wanalibeba kama kitanda. Marehemu mume wa yule mjane ndiye aliyeliunganisha, akafa kabla halijatoka nje. Likakaa bandani miaka kumi na miwili. Faiba ikapasuka, mabomba yakaliwa na kutu.

Gereji Mama Vipimo hakuwa nayo. Basi alibomoa dirisha la sebule, likapitia hapo. Makochi yakahamia barazani. Mwanawe alipokuja kumsalimia, alikuta injini juu ya meza ya chakula. "Nikamuuliza, mama, sasa sisi tule wapi? Akaniambia, kwani injini imekukataza?"

Alilifungua lote, nati kwa nati. Wiki ya tatu akafika kwenye pedali. Pedali ya klachi, ile ya mguu wa kushoto, ilikuwa imeongezwa kibao cha alumini kwa skrubu mbili. Akakipima unene. Akakipima tena. Sentimita nne.

Mdogo wake alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Alimwona dada yake akiingia garini, akakaa kwenye kiti cha dereva, kile alichokifinyanga yule marehemu. "Kilimkaa. Nyonga yake moja iko juu kwa ajili ya mguu, na kiti kimeinuliwa upande uleule. Nikamwita, dada. Akakanyaga klachi."

Kesho yake asubuhi walikwenda kwa mjane, wote wawili. Swali lilikuwa moja: mumeo alikuwa na kasoro ya mguu?

Mjane akashangaa. Mume wake alikuwa mrefu kama mlango, miguu yake sawasawa. Gari lile hata kuingia hakuweza. "Nilikuwa namuuliza, sasa unampimia nani? Ananijibu, mwenyewe bado hajaja."

Halafu macho ya mjane yakashuka kwenye kiatu cha kushoto cha Mama Vipimo, chenye soli nene. Akaomba radhi, akaingia chumbani. Hakutoka tena kuwaaga.

Miezi saba gari lilifunikwa shuka. Watu wa nyumba walilipita wakijibana ukutani. Mwanawe alitaka wakalitupe. Mama akakataa. Mdogo wake akamuuliza, "Dada, huogopi?"

"Naogopa," akasema. "Lakini mimi nimepima watu miaka thelathini na moja. Aliyenipima mimi ni huyo tu."

Akaondoa shuka. Akakata mabomba yenye kutu, akachomelea mapya. Akatandaza faiba tabaka kwa tabaka, mpaka mkate ukanuka gundi. Kile kibao hakukigusa. Mwaka wa nne gari likatoka kwa kupitia dirishani. Kila Jumamosi asubuhi aliliendesha hadi mwisho wa barabara na kurudi. Halina kioo cha mbele, basi alirudi na wadudu kwenye meno, kwa sababu alikuwa akicheka.

Mwaka wake wa mwisho, moyo umeshaanza kumsumbua, alifinyanga kiti cha abiria. Kiti cha namna hiyo hufinyangwa mtu akiwa amekaa. Yeye alifinyanga peke yake. Mdogo wake akamuuliza, cha nani?

"Mikono ndiyo inajua. Mimi bado."

Mdogo wake alikikalia, kikamfinya. Mwanawe alikikalia, kikamwangusha upande wa kulia. Baada ya maziko, ndugu na majirani walijaribu mmoja mmoja. Hakikumkaa hata mmoja.

Juzi nilikwenda nyumbani kwao kuandaa kipindi hiki. Nyinyi mnanisikia, hamnioni. Bega langu la kulia liko chini kuliko la kushoto, tangu nilipoanguka ngazini nikiwa kijana, na mgongo ukalifuata. Sijawahi kulisema hewani. Na Mama Vipimo hatukuwahi kuonana. Mdogo wake aliniambia tu kwamba dada yake alikuwa akitusikiliza kila Jumapili mchana, huku anafanya kazi. "Ukianza kuongea anaongeza sauti ya redio. Anasema, huyu anakaa vibaya."

Wakaniambia nijaribu. Nikaketi. Sikuwa na haja ya kujisogeza. Mgongo ulioniuma miaka ishirini na sita ulinyamaza. Mwanawe alitazama chini. Mdogo wake akasema taratibu, "Basi ni wewe."

Nilitoka haraka kuliko adabu inavyoruhusu.

Kwa mdogo wake, kwa mwanawe, na kwa wote wanaotembea leo kwa miguu aliyowatengenezea, kituo hiki kinawapa pole. Na yule mama mjane, kama unatusikia, pole na wewe. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani aliyewahi kutupima vizuri, akajua panapotuuma?

Asubuhi hii mdogo wake amenipigia simu. Anasema gari limeshatolewa nje, nifike Jumamosi. Nikamuuliza, na dereva ni nani?

Akasema, "Wewe njoo tu ukae."